Mtoa Sumu wa Mpaka wa Pitapita

Ipo nchi moja iitwayo Shwari. Mwenye kuitafuta kwenye ramani atapoteza muda wake, na mwenye kuitafuta kwenye sahani yake hatachelewa kuipata. Nchi hiyo haina tatizo lolote na chakula kinachotoka nje. Serikali imelisema hilo mara nyingi sana, na serikali ya Shwari haina tabia ya kurudiarudia jambo ila pale inapoona watu wameanza kulitapika.

Watu wa Shwari wana desturi moja nzuri. Mgeni akifika, mwenyeji humletea maji, au togwa, au uji, na kabla ya kumkabidhi hupiga kwanza funda moja yeye mwenyewe, mgeni akiona, ndipo humpa kwa mikono miwili. Hiyo huitwa kutoa sumu. Maana yake ni kwamba mimi nimekunywa na sijafa, kunywa nawe. Na mgeni akishatolewa sumu hana ruhusa ya kukataa. Akikataa, amemwita mwenyeji wake mchawi, tena mbele ya watoto wake.

Sasa Bunge la Shwari lilipotunga Sheria ya Usalama wa Vyakula vya Nje, liliweka kifungu kifupi kisemacho: "Mwingizaji wa chakula atatoa sumu kabla ya mzigo kuvuka mpaka." Waliokiandika walimaanisha kwamba mzigo usiwe na sumu. Lakini siku kifungu kilipofika mpakani Pitapita, waliokiandika walikuwa wamekwenda semina ya kufundishwa kuandika vifungu, na maafisa wa Pitapita ni watu waliolelewa na mama zao. Walikisoma, wakatazamana, wakafurahi kuona kwamba kwa mara ya kwanza serikali imetunga sheria wanayoijua. Wakaenda sokoni wakanunua bakuli.

Tangu siku hiyo, mzigo wowote ukifika Pitapita, uwe mchele, maziwa ya unga au dagaa, mwenye mzigo alichota kidogo, akala mbele ya maafisa, na akibaki amesimama, geti likafunguliwa. Wenye mizigo walivumilia kwa muda. Kisha mkubwa wao, Bwana Shibe Maridadi, alionja samaki wake mwenyewe wa makopo, na siku ile alirudishwa nyumbani amelazwa kiti cha nyuma. Alipopata nafuu aliisoma sheria upya, akagundua kwamba haikatazi mtu kuwakilishwa.

Ndivyo ilivyozaliwa kazi ya mtoa sumu, na ndivyo Sikudhani binti Mfaume alivyopata ajira.

Sikudhani alikuwa mjane, na alikuwa akikaanga vitumbua mbele ya ofisi ya forodha mpaka siku ofisi ilipovunja banda lake kwa ajili ya afya ya jamii. Vitumbua vyake, walisema, havikuwa na uhakika wa usalama. Wiki haijaisha, afisa yuleyule aliyesimamia kuvunja banda akaja kumwita: "Mama, wewe una mdomo mzoefu. Njoo ulitumikie taifa." Akaenda. Nyumbani alikuwa na mjukuu wake, Chausiku, aliyeachwa kwake na binti yake kabla hajaota meno, na mtoto hali hasira za bibi yake.

Tusiionee serikali. Mashine ya kupimia chakula ilikuwapo. Wafadhili waliileta ndani ya sanduku refu, wakaitengea chumba chenye kiyoyozi kwa sababu haipendi joto. Mkuu wa Kituo, Bwana Makwaya, naye hapendi joto. Ikaundwa kamati kuamua kati ya wawili hao nani ana umuhimu zaidi kwa taifa, na mwenyekiti wa kamati akawa Bwana Makwaya. Mashine ikahamishiwa ukumbini, bado ikiwa na nailoni yake, ikatandikwa kitambaa cha kufuma cheupe na kuwekewa maua ya plastiki. Wageni wakija huonyeshwa.

"Tangu tuipokee," Bwana Makwaya huwaambia, "haijaharibika hata siku moja."

Na wageni hutikisa vichwa kwa heshima, maana katika nchi zao mashine za namna hiyo huharibika ovyo.

Zamani mtoa sumu alikaa kituoni kutwa nzima baada ya kuonja, ili waone kama atafika jioni. Wafanyabiashara walilalamika kwamba malori yanakaa sana. Muda ukapunguzwa hadi adhuhuri, kisha hadi chai ya asubuhi. Mwishowe ikaamuliwa kwamba mtoa sumu aonje, upigwe wimbo wa taifa, na wimbo ukiisha akiwa amesimama, mzigo ni salama. Hapo mwanzo zilipigwa beti tatu. Siku hizi hupigwa ubeti mmoja, na kwa vitu vinavyooza haraka hupigwa kiitikio.

Ipo sumu ambayo wataalamu huiita sumukuvu, ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizolala kwenye unyevu. Hiyo haina haraka. Humwingia mtu leo, ikakaa kwenye ini kama mpangaji asiye na mpango wa kuhama. Haijui wimbo wa taifa. Kwa hiyo, katika historia yote ya Pitapita, hakuna mtoa sumu aliyeanguka mbele ya bendera, na jambo hilo lilitajwa bungeni kama mafanikio.

Alikaribia mmoja tu, Mzee Ngwali, mwenzake Sikudhani, aliyekuwa mtoa sumu wa karanga. Mzee huyo macho yalianza kugeuka njano kama kiini cha yai la kienyeji, miguu ikakonda, tumbo likatangulia mbele. Watu walipouliza, serikali ilisema kwamba amenenepa kwa kula vizuri kazini. Sisi wenye kumbukumbu hatukushangaa. Tunakumbuka mwaka yalipokuja makopo ya nyama yamevimba pande zote kama mito ya kulalia, na waziri wa wakati ule akatuambia hayo yamejazwa kwa ukarimu. Tunakumbuka na mafuta ya kupikia yaliyokuwa yakinuka petroli, tukaambiwa hayo ni ya nguvu.

Siku moja wimbo uko katikati, Mzee Ngwali akayumba. Maafisa wawili wakamdaka kwapani, huku na huku, wakamshikilia mpaka mwisho. Karanga zikapita.

"Lakini si mmemshika?" Sikudhani aliuliza.

"Sheria inasema awe amesimama, mama," Bwana Makwaya akamjibu bila ubaya. "Haisemi kwa nguvu za nani."

Mzee Ngwali alizikwa mwezi uliofuata. Serikali ilituma ubani, na katika salamu zake ilisema marehemu ametutoka akiwa ameshiba.

Yote hayo Sikudhani aliyameza, pamoja na mengine aliyolipwa kuyameza. Kilichomkwama kooni kilikuja na malori ya unga.

Ulikuwa unga wa mahindi, malori yamepangana kutoka getini hadi kwenye mkunjo wa barabara, mali ya Bwana Shibe Maridadi, utakaonunuliwa na serikali kwa ajili ya mpango mpya wa uji wa shuleni. Mpango wenyewe uliitwa Uji wa Matumaini. Shule ya kwanza kunywa ilikuwa ya Pitapita, anakosoma Chausiku. Watoto walikwisha kuambiwa waje na vikombe. Chausiku alikipata chake, cha bati, sikio limevunjika, akakikwaruza jina lake chini kwa msumari, na tangu hapo alikuwa akilala nacho na kunywea hewa, akilamba midomo, akimwambia bibi yake, "Una sukari."

Siku moja kabla ya sherehe, Sikudhani aliitwa kuuzoea mzigo. Akafunguliwa gunia, akaingiza mkono. Unga ulishikana kama udongo wa mfinyanzi. Akaunusa. Akaomba gunia la pili, na la lori jingine, kisha akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kiyoyozi.

"Mkuu, ule unga unanuka jamvi lililonyeshewa."

"Unga ni unga, mama. Ukipikwa harufu hukimbia."

"Una mabonge ya kijani."

"Kijani ni rangi ya bendera yetu. Usianze siasa ofisini kwangu."

"Mkuu, ni ukungu ule. Ndio uliomla Mzee Ngwali. Wale ni watoto wadogo, watakunywa kila siku."

Bwana Makwaya alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwa mtu katili. Alikuwa na watoto wake mwenyewe, wanasoma nchi ya mbali ambako hawajui uji.

"Sikiliza, Mama Sikudhani," akasema taratibu. "Kazi yako ni kutoa sumu. Si kuitafuta."

"Basi kesho sitaonja."

"Usionje. Wako wengi wanaosubiri huo mdomo wako utoke hapo. Mzigo utapita vilevile, ila wewe utakuwa nyumbani. Utakuwa umemsaidia nani?"

Ukumbini, kando ya mashine yenye maua, alikuwa amekaa Bwana Shibe Maridadi akisubiri kuingia. Yeye kila mwanamke wa pale humwita shemeji, ingawa hakuna aliyewahi kuona mahari.

"Shemeji, nasikia una wasiwasi. Kijiko kimoja tu. Hata kisipojaa."

"Na Chausiku wangu atakunywa vijiko vingapi?"

"Chausiku ndiye nani?"

"Ni mmoja wa hayo matumaini."

Bwana Shibe alicheka, akamwambia ana utani kama wa kwao, akaingia kwenye ubaridi.

Sikudhani alishinda kutwa ile akiosha bakuli. Alilisugua kwa majivu, akalisuuza, akalisugua tena. Kukataa hakusaidii, amekwisha kuambiwa. Kuanguka hakusaidii, kwapa zipo na maafisa wapo. Akaligeuza bakuli mkononi, akalitazama ndani na nje kama mtu anayetafuta ufa. Kisha akalianika juani, akaanza kucheka peke yake, mpaka afisa wa zamu akaja kumwuliza kama ameonja kitu.

Siku ya sherehe aliwasili Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Sahani Mwinyikondo, Waziri wa Chakula, Usalama wa Chakula na Muonekano wa Chakula. Bendi ya magereza ilipangwa juani. Makuli walikaa juu ya malori, wameachiwa kazi ya kufungua maturubai mara ishara itakapotolewa. Wanafunzi wa Pitapita walisimama mbele na vikombe vyao, Chausiku akiwa mstari wa pili. Jikoni unga ulipikwa, ukamiminwa kwenye bakuli la serikali.

"Ndugu wananchi," Waziri alianza, kipaza sauti kikamjibu kwa mluzi. "Chakula ni chakula. Na usalama ni usalama. Serikali zilizotangulia ziliviacha vikae mbalimbali. Sisi tumevioza."

Makofi. Wachache walisikia vibaya neno hilo la mwisho, wengine walilisikia vizuri.

"Nchi zinazojiita zimeendelea zinategemea mashine. Mimi nauliza, mashine ina utu? Mashine inaweza kusimama wakati wa wimbo wa taifa? Sisi tumekataa kutawaliwa na vyombo. Sisi tuna mama!" Akamnyooshea mkono Sikudhani. "Unga huu, ndugu zangu, ni unga wa nyumbani. Mimi mwenyewe ningeulisha watoto wangu. Nasikitika tu kwamba wameshakuwa wakubwa."

Sikudhani akapewa bakuli. Akapiga funda. Uchungu ulimshika nyuma ya ulimi, akaumeza. Bendi ikaanza. Akasimama mikono imenyooka, bakuli miguuni pake, Chausiku akimtazama kwa fahari, maana mtoto alijua tu kwamba bibi yake ndiye aliyetangulia kunywa uji wao. Ubeti ukaisha. Bwana Makwaya akainua kibendera.

"Salama!"

Watu wakapiga makofi. Makuli wakashika kamba. Kwa kawaida hapo mtoa sumu humrudishia Mkuu wa Kituo bakuli, na Mkuu humwaga kilichobaki nyuma ya ofisi, mahali ambapo kuku wa jirani hawapiti. Sikudhani aliliinua bakuli lakini hakwenda kwa Makwaya. Alivuka zulia jekundu mpaka mbele ya Waziri, akapiga goti, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mama."

"Wewe ni mgeni wetu hapa Pitapita. Sumu nimekwisha kuitoa, wote wameona. Karibu."

Mlinzi wa Waziri aliingiza mkono ndani ya koti, akautoa mtupu. Mafunzo yake hayakuwa na somo la bakuli.

"Ahsante sana, mama," Waziri akasema. "Weka hapo. Nitakunywa baadaye."

"Ukipoa hautanyweka, mheshimiwa."

Kuli mmoja, Mbwela, akainama kutoka juu ya lori la mbele. "Mzee, utamwachia mama mikono hewani?"

"Kwani kwao hawakaribishwi?" akadakia muuza mihogo upande wa pili.

"Labda anangoja kijiko," mwingine akasema. "Wakubwa hawapigi funda."

Waziri akatabasamu kwa meno yote. "Mkuu wa Kituo ataniwakilisha."

Bwana Makwaya alirudi nyuma hatua moja. "Mheshimiwa, kiitifaki siwezi kutangulia kunywa kabla ya mkubwa. Itakuwa utovu wa nidhamu."

"Basi Bwana Shibe. Ni mzigo wako."

"Ningefurahi sana, mheshimiwa," akasema Bwana Shibe, jasho limemshuka mpaka kwenye tai. "Ila daktari amenikataza unga huu. Yaani unga. Unga kwa jumla."

"Daktari wako ameuona lini?" Mbwela akauliza.

Kicheko kilianzia juu ya malori, kikashuka chini kwa wauza mihogo. Wanafunzi nao wakacheka bila kujua kwa nini, isipokuwa Chausiku. Yeye alikuwa akimtazama Waziri jinsi mtoto anavyomtazama mtu mzima anayefanya jambo ambalo yeye akilifanya huchapwa. Nyumbani kwao, aliyetolewa sumu hunywa.

Sikudhani hakuteremsha mikono. Alilisogeza bakuli karibu zaidi na Waziri. "Mheshimiwa," akasema kwa sauti ndogo, na kipaza sauti kilichokuwa kifuani pa Waziri kikaibeba hadi ng'ambo ya mpaka, "si umesema ni wa nyumbani?"

Waziri alilitazama bakuli. Aliona vidoa vya kijani kwenye ukingo. Alifungua mdomo, na watu wa Pitapita wanaapa kwamba kwa kitambo kidogo walidhani atakunywa.

"Nimeshiba," akasema.

Vipaza sauti vikalisema neno hilo juu ya paa la forodha, juu ya malori, mpaka kwa askari wa nchi jirani ambao nao wakageuka kutazama.

Sikudhani akainuka. "Haya. Kama wewe umeshiba, na watoto wetu wameshiba." Akalimwaga bakuli juu ya zulia jekundu.

Mbwela akageukia wenzake. "Jamani, mmesikia? Watu wameshiba. Fungeni turubai."

Wakafunga. Mmoja baada ya mwingine, kamba zikarudi kwenye mafundo yake, na dereva wa lori la mbele akateremka, akatandika kanga kivulini mwa gari, akalala. Bendi, kwa kukosa maelekezo, ikapiga ubeti wa pili ambao hakuna aliyekuwa akiukumbuka.

Serikali haikulala. Iliunda tume, na tume ikagundua kwamba chanzo cha tukio ni ukarimu uliopita kiasi. Ikatolewa kanuni: ni marufuku mtu yeyote kumkaribisha mwenzake katika eneo la mpaka. Bango kubwa la getini lililoandikwa KARIBUNI SHWARI likapakwa rangi neno la kwanza, na sasa msafiri akiingia hukuta jina la nchi peke yake, kama onyo.

Sikudhani alifukuzwa kazi, akashtakiwa kwa kumkaribisha kiongozi bila kibali. Mwendesha mashtaka alieleza kwa uchungu kwamba mshtakiwa alimpa Waziri uji mbovu.

"Mbovu?" hakimu akauliza. Alikuwa kijana, bado hajahamishwa kokote.

"Mbovu kabisa, mheshimiwa hakimu. Wenye hatari kwa maisha."

"Ni unga uleule ulio kwenye malori?"

Mwendesha mashtaka akatazama nyuma, alikokaa Bwana Makwaya. Bwana Makwaya akatazama dari.

"Tunaomba kujibu tarehe nyingine," akasema mwendesha mashtaka.

Hakimu akaamuru malori yote yazuiliwe kama kielelezo, na unga upimwe. Si kwa mdomo, akasema, kwa mashine. Na mashine, tumekwisha kusema, ipo, haijaharibika hata siku moja. Ila kuiwasha ni lazima irudishwe kwenye chumba chenye kiyoyozi, na suala la chumba liko mbele ya kamati, na mwenyekiti wa kamati ni yuleyule. Kwa hiyo kesi huahirishwa, na malori yako palepale, maturubai yameota majani. Hakimu amepewa uhamisho. Bwana Shibe ameomba fidia kwa mzigo wake kuharibikia mpakani, na inasemekana atalipwa, kwa kuwa umeharibika kweli.

Pale Pitapita siku hizi, mtu akitaka kukupitishia jambo lisiloeleweka, unamjibu kwamba umeshiba. Na Waziri haendi tena kuzindua kitu bila watu wake kutangulia kukagua kama kuna mama yeyote aliyeshika chombo.

Sikudhani amerudia vitumbua, nyuma ya nyumba yake, mbali na afya ya jamii. Chausiku huwahi shuleni na kikombe chake cha bati, uji ameshakunywa nyumbani, mwepesi, bila matumaini yoyote ndani yake. Lakini kabla ya kutoka humshika bibi yake mkono na kumvuta mlangoni penye mwanga. Mzee Ngwali alikuwa jirani yao, na mtoto anayakumbuka macho yake.

"Tazama juu, Bibi."

Sikudhani hutazama juu. Mtoto humvuta ukope wa chini kwa kidole gumba, jicho moja, kisha la pili, halafu hurudi kwenye la kwanza.

"Vipi, meupe?"

"Nyamaza kwanza. Naangalia."

Naye hunyamaza, mikono ameinyoosha ubavuni, amesimama wima, kama zamani alivyokuwa akisubiri wimbo uishe.